Likizo ya Wiki Nne, Siku Nane Barabarani

Ikiwa umewahi kusafiri kwenda nyumbani mwisho wa mwaka, umebanwa kati ya gunia na beseni, godoro la jirani limefungwa juu ya keria na mtoto wa mtu usiyemjua amelala mapajani mwako, basi habari hii haitakuwa ngeni kwako, ingawa yote yalitokea Ulaya. Ni habari ya wafanyakazi wa Kituruki waliokuwa katika viwanda vya Ujerumani ya Magharibi, na ya safari ambayo maelfu ya familia zao walifanya kila kiangazi kwa magari yao wenyewe, tangu miaka ya 1960 hadi vita vilipoikata njia mwaka 1991. Waliokuwa watoto katika viti vya nyuma siku zile leo ni watu wazima, na wengine wana wajukuu. Wanapohadithia utoto wao, mara nyingi barabara hiyo ndiyo inayotangulia, kabla ya shule na kabla ya michezo.

Kwanza tueleze walifikaje huko. Tarehe 30 Oktoba 1961 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilifanya mapatano na Uturuki ya kuandikisha wafanyakazi. Mapatano kama hayo yalikwisha kufanywa na Italia mwaka 1955, na Hispania na Ugiriki mwaka 1960. Viwanda vilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono, na ukuta uliojengwa Berlin mwezi wa Agosti 1961 ulikuwa umeziba njia ya wafanyakazi waliokuwa wakitoka upande wa mashariki. Ofisi ya Kijerumani ikafunguliwa Istanbul. Madaktari waliwapima watu kama wanavyopimwa ng'ombe mnadani: meno, macho, mkojo, makovu. Aliyefaulu alipanda gari moshi katika stesheni ya Sirkeci, akashuka Munich kwenye njia namba 11, na hapo akagawiwa mahali pake: mgodi wa makaa ya mawe wa Ruhr, kiwanda cha magari cha Köln, karakana ya vyombo vya umeme ya Berlin. Wanawake nao waliandikishwa kwa wingi, hasa katika kazi za umeme, kwa kuwa matajiri waliamini kwamba vidole vyao ni vyepesi.

Wajerumani waliwaita wafanyakazi hawa wageni. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ile ile ya kwanza, na jina la ugeni likaendelea kuwafuata kwa miaka thelathini.

Mtu akikaa mwaka mmoja au miwili alinunua gari. Wenyeji waliwacheka kwamba wanapanga katika vyumba vibovu na huku wanaweka fedha zao katika motokaa. Lakini gari lile halikuwa la matembezi ya Jumapili. Lilikuwa daraja la kwenda nyumbani. Wengine walinunua Opel Rekord, wengine Ford Taunus, na wenye watoto wengi walipenda Ford Transit kwa kuwa linameza mizigo. Mfanyakazi wa kiwanda cha Ford pale Köln aliweza kusafiri katika gari aina ya Taunus 17M ambalo yeye na wenzake ndio waliolifunga boliti.

Majuma ya mwisho kabla ya likizo nyumba iligeuka kuwa ghala. Vitu vilinunuliwa mwaka mzima na kufichwa chini ya vitanda: redio, cherehani, vifaa vya ufundi, chokoleti, kahawa, nguo za shangazi na viatu vya binamu ambaye mguu wake ulipimwa kwa uzi uliotumwa ndani ya barua. Baba alipanga mizigo juu ya keria, akaifunika turubai na kuikaza kwa kamba. Nafasi kati ya viti vya mbele na vya nyuma ilijazwa mifuko mpaka ikawa sawa na kiti, juu yake yakatandikwa mablanketi, na hicho ndicho kikawa kitanda cha watoto watatu au wanne kwa siku tatu. Mikanda ya usalama kwa watoto haikuwako. Waliondoka jioni, mara nyingi saa ile ile zamu ya mchana ilipokwisha. Baba hakulala kwanza. Alitoka kiwandani, akaoga, akala, akashika usukani.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu, nasi tuhesabu pamoja. Kutoka Köln hadi Istanbul ni kilomita 2,500 hivi. Kwa mizani yetu, ni zaidi ya kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi tena Mombasa. Na Istanbul ilikuwa mlango tu, kwani wengi walitoka vijiji vya Anatolia, na anayekwenda Erzurum alikuwa bado na kilomita zaidi ya 1,200 mbele yake. Likizo katika viwanda vingi siku zile ilikuwa kama wiki nne. Ukitoa siku nne za kwenda na nne za kurudi, na hapo gari halijaharibika, unabakiwa na wiki tatu pungufu za kumzika aliyekufa, kumwoza aliyechumbiwa, kuezeka nyumba, kulipa deni, kugombania shamba na kaka, na kumwona mama. Kwa hiyo kila saa ya kulala njiani iliibwa kutoka katika saa za mama. Mwanamume mwenye akili zake timamu aliendesha saa ishirini na zaidi bila kupumzika, si kwa ujinga, bali kwa hesabu hiyo.

Usiku wa kwanza ulipita Ujerumani ya kusini na milima ya Austria. Watoto waliamka alfajiri katika mabonde ya Styria, njia nyembamba inapita katikati ya vijiji, gari nyuma ya gari, zote zimeinamia nyuma kwa uzito, turubai zinapigapiga kwa upepo. Baadaye, baada ya Graz na mpaka wa Spielfeld, ikaanza Yugoslavia na barabara ambayo kila mmoja wao analikumbuka jina lake: Autoput.

Jina lake kamili lilikuwa Barabara ya Udugu na Umoja. Ilianza kujengwa mwaka 1948 na vijana wa kujitolea waliokuja kwa vikosi kutoka pande zote za nchi, na sehemu ya Zagreb hadi Belgrade ilifunguliwa mwaka 1950. Kwa ajili ya magari machache ya wakati ule ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini katika miaka ya 1970 njia hiyo moja ilibeba malori ya mizigo yanayokwenda Mashariki ya Kati, watalii wa Kijerumani, wakulima wenye matrekta na mikokoteni ya farasi, na mamia ya maelfu ya Waturuki, Wagiriki na Wayugoslavia wenyewe wanaorudi kwao. Sehemu kubwa ilikuwa na njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila ukuta wala uwazi katikati. Tena katika tambarare ya Slavonia imenyooka kama uzi, kilomita baada ya kilomita, mahindi huku na alizeti kule. Dereva aliyekesha milimani huona jambo moja tu katika njia ya namna hiyo, nalo ni usingizi.

Mama ndiye aliyekuwa taa ya gari. Yeye hakuendesha, kwa kuwa wanawake wengi wa wakati ule hawakuwa na leseni, lakini hakufumba jicho. Alimmiminia baba chai kutoka katika chupa, akamenya mbegu za alizeti na kumtia mdomoni, akamsimulia habari za ukoo alizokwisha kumsimulia mara kumi. Jua lilipokuwa kali alilowesha kitambaa kwa kolonya, ile pafyumu ya maji ambayo Waturuki hupakana mikononi, akamfuta shingo. Neno kolonya limetokana na Köln, mji ule ule ambamo baba alifanya kazi. Sidhani kama mtu aliyekuwa katika gari lile alikuwa na nafasi ya kulifikiria hilo.

Katika redio ya gari zilizunguka kanda. Tangu mwaka 1964 kulikuwako Köln kampuni ya Kituruki, Türküola, iliyotoa nyimbo za wafanyakazi walio ugenini, na mwimbaji wake Yüksel Özkasap alipewa jina la Chiriku wa Köln. Kanda zilikuwa chache na safari ndefu, na watoto wakazijua nyimbo zote kwa moyo, pamoja na mahali ambapo kanda imekwaruza.

Watoto walikuwa na michezo yao. Walihesabu magari yenye namba za miji waliyoijua, na baba alipiga honi kila alipomwona mtu wa mji wake. Walinunuliwa tikiti maji kando ya njia. Walikojoa katika chupa wakati baba alipokataa kusimama. Lakini walihesabu pia kitu kingine, na hili linarudi katika masimulizi yao mara kwa mara: magari yaliyopinduka. Kila kiangazi yalikuwa pale majanini, yamebondeka, turubai imepasuka, viatu na vyombo vya jikoni vimetapakaa. Mama aliwafunika watoto macho kwa kiganja, na watoto walichungulia katikati ya vidole. Gari lilikuwa la aina moja na lao. Namba ilikuwa ya Ujerumani. Watu wa njia hiyo walikufa wengi kiasi kwamba magazeti ya Ujerumani yaliandika juu ya barabara hiyo kama yanavyoandika juu ya vita. Mtoto aliyeona hayo hakulala tena. Alikaa nyuma ya kiti cha baba, akaangalia kioo kidogo cha mbele kuona kama macho ya baba yako wazi. Watoto wa miaka minane walifanya zamu ya usiku.

Mjini Niš njia ilipasuka: Wagiriki walielekea kusini, Waturuki wakashika mashariki katika bonde jembamba la Sićevo, jabali upande huu na mto upande ule, kisha Bulgaria. Kila mpaka ulikuwa na foleni yake. Injini ilizimwa ili rejeta isichemke, na watu wazima wakalisukuma gari kwa mikono hatua chache chache. Ilijulikana kwamba pakiti ya sigara au kahawa ndani ya pasi hupunguza maswali, na watoto waliona jinsi baba yao, ambaye nyumbani neno lake halirudiwi, anavyopunguza sauti mbele ya askari kijana. Wengine husema kwamba hilo liliwauma kuliko joto.

Mwisho ulikuwa Kapıkule, mpaka wa Uturuki. Hapo gari liliandikwa ndani ya pasi ya mwenyewe, ili asiweze kutoka nchini bila gari hilo na kuliuza kimagendo. Kwa hiyo aliyepata ajali baada ya hapo alikuwa na matatizo mawili, gari lililokufa na pasi inayosema lingali hai. Lakini siku ya kuingia hakuna aliyelifikiria hilo. Kilomita chache mbele iko Edirne, na minara minne ya msikiti wa Selimiye, uliojengwa na Sinan na kumalizika mwaka 1575, huonekana kutoka mbali. Baba alisimamisha gari. Wako waliopiga magoti na kubusu udongo. Watoto waliozaliwa Ujerumani walitazama bila kuelewa kwa nini mtu mzima analia kwa kuona majani makavu yanayofanana kabisa na yale ya Bulgaria.

Kijijini walipokewa kwa ngoma na kwa mikono iliyonyoshwa. Jina lao huko lilikuwa Almancı, yaani watu wa Ujerumani. Ujerumani waliitwa wageni, na kijijini pia hawakuwa wenyeji kamili. Kila mtu alidhani kwamba mark zinaokotwa barabarani. Baba hakusema habari za kelele za kiwanda, wala za chumba cha watu sita alimoanzia maisha. Alikuja na redio, na redio ikasema kwa niaba yake.

Sasa tuje katika kiwanda, kwa maana safari hii haikuishia barabarani.

Mwezi wa Agosti 1973 kiwanda cha Ford cha Köln kilirudi kazini baada ya likizo ya kiangazi. Waturuki kiasi cha 12,000 walifanya kazi hapo, wengi wao kwenye mkanda unaotembea, kazi nzito kupita zote na yenye ujira wa chini. Wengine walichelewa kurudi. Wako waliouguliwa na wazee, wako ambao gari liliwafia njiani, na hapana shaka wako walioongeza siku kwa makusudi kwa kuwa wiki nne hazikuwatosha. Kampuni ikawaachisha kazi watu 300 hivi. Kazi yao haikupewa watu wengine, ila iliongezwa juu ya wale waliobaki, na mkanda haukupunguzwa mwendo. Siku ya Ijumaa, tarehe 24 Agosti, zamu ya mchana ikaweka vyombo chini.

Walidai nini? Wenzao warudishwe, mark moja zaidi kwa saa, mkanda upunguzwe mwendo, na likizo ya wiki sita. Dai hili la mwisho liliwashangaza Wajerumani wengi, hata wenzao wa kiwandani, waliouliza wiki sita ni za nini. Mjerumani alipoanza likizo, siku ya pili yake alikuwa tayari yuko ufukoni. Hakuwahi kukesha nyuma ya kiti cha baba yake katika Slavonia.

Inatupasa sisi watu wa vyama kulisema wazi lililofuata. Chama cha wafanyakazi wa chuma hakikuunga mkono mgomo huo. Baraza la wafanyakazi la kiwanda, ambalo Waturuki walikuwa wachache mno ndani yake kulinganisha na idadi yao, lilisimama mbali. Wajerumani wengi walioanza pamoja na wagomaji waliwaacha baada ya siku chache, na baadhi ya magazeti yakaandika kana kwamba Waturuki wameivamia nchi. Tarehe 30 Agosti mgomo ulivunjwa kwa maandamano ya kuupinga na kwa nguvu za polisi. Viongozi walikamatwa. Waliofukuzwa hawakurudishwa, na wengine wengi wakafuata njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wiki sita za likizo zikawa haki iliyoandikwa katika mapatano ya chama hicho hicho kwa wafanyakazi wote wa chuma, Wajerumani na wageni. Wale 300 hawakuwapo kuzipokea.

Tarehe 23 Novemba 1973 serikali ikasimamisha uandikishaji wa wafanyakazi kutoka nje. Ilidhaniwa wageni watapungua. Ikawa kinyume chake: mtu akijua kwamba akiondoka hatapata ruhusa ya kurudi, haondoki, bali huwaita mke na watoto. Ndiyo sababu magari ya mwisho wa miaka ya 1970 yalijaa watoto kuliko ya kwanza, na ndiyo sababu kumbukumbu ni nyingi hivi.

Katika kila nyumba lilikuwako neno moja: mwaka ujao tunarudi moja kwa moja. Lilisemwa wakati wa kupakia na wakati wa kupakua. Kwa ajili ya neno hilo hawakununua makabati mazuri, wala watoto hawakuhimizwa kujifunza Kijerumani vizuri. Kisha mwezi wa Novemba 1983 ikatoka sheria ya kuwasaidia kurudi: mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimefungwa au amepunguziwa saa angeweza kupewa mark 10,500, na mark 1,500 kwa kila mtoto, ikiwa ataondoka na familia yake yote asirudi. Wengi walichukua. Kwa watoto hao safari ya 1984 ilikuwa ile ile, keria ile ile, kanda zile zile, isipokuwa safari hii hata baiskeli ilifungwa juu, na walipofika hawakuhesabu tena siku za kurudi. Waliingizwa katika shule ambazo hawakuijua lugha yake ya vitabuni, na watoto wenzao wakawaita Wajerumani.

Vita vya Yugoslavia vilipoanza mwaka 1991 Autoput ilikatwa. Familia zikazunguka kwa Hungaria na Romania, au zikapanda meli katika bandari za Italia. Wengi wakahamia kwenye ndege, na hawakurudi tena barabarani.

Lakini wako walioirudia. Leo ni barabara pana, njia mbili kila upande, na kipande cha mwisho cha bonde la Sićevo kilikwepwa kwa barabara mpya iliyokamilika mwaka 2019. Kila mwezi wa Julai foleni ya Kapıkule ingali ndefu. Wanaoendesha sasa ni wale waliokuwa nyuma juu ya mablanketi. Wana simu inayowaonyesha njia na kadi ya kulipia mafuta, na hupanga chumba cha kulala karibu na Belgrade, jambo ambalo baba zao wangeliona kuwa ni kupoteza usiku mzima. Mzee, ikiwa yu hai, hukaa kiti cha mbele, amestaafu, mgongo umeharibiwa na mkanda wa kiwanda. Haambiwi alale. Wanajua hatalala mpaka Edirne.